Nilibadilisha Dawa ya Kabureta Kwenye Dumu la Babu

Mpendwa Mama Ragnhild,

Mama yangu husoma safu yako kila Jumamosi kabla ya kusoma kitu kingine chochote, kwa hiyo majina yote nimeyabadilisha na kijiji sikitaji, na nakusihi unijibu kabla ya Alhamisi ijayo ikiwezekana, kwa sababu siku hiyo atakuja mtu wa manispaa na karatasi ya makao ya wazee na babu yangu ataisaini, na naamini ataisaini kwa sababu ya kitu nilichofanya mimi.

Nina miaka kumi na tano, niko darasa la tisa. Babu, tumwite Folmer, ana miaka sabini na sita na anaishi nasi, na alikuwa fundi wa matrekta na pikipiki kwa miaka thelathini na moja huku kwetu magharibi mwa Jutland. Miaka yote hiyo alisafisha kabureta kwa dawa ambayo mafundi wa wakati wake waliiita tri, haina rangi na ina harufu tamu kidogo, akachovya humo mikono mitupu na kuuvuta mvuke wake puani huku milango imefungwa kwa ajili ya baridi, na jioni alinawia hiyohiyo kabla ya kwenda nyumbani kula. Alipofika miaka hamsini na tisa akaanza kusahau majina ya vipuri, akapotea njia akitoka kazini, na madaktari wakasema ubongo wake umeumizwa na mvuke wa dawa hizo, ugonjwa uleule uliowapata wapaka rangi wengi hapa nchini, na kwamba kilichokwisha kuharibika hakitarudi.

Anasahau vitu vingi lakini mikono yake haikusahau kabureta. Wazee wa hapa wenye matrekta ya zamani humletea zao, na kila Jumamosi mimi na yeye tunakaa gereji, yeye anafungua na mimi naandika kwenye daftari kila skrubu imetoka wapi, na sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba hizo ndizo saa pekee za wiki ambazo siogopi kuzungumza na mtu.

Mwezi wa kumi na moja niligundua kwamba ndani ya dumu lake la lita kumi, ambalo mama anadhani lina dawa ya kawaida ya dukani, kuna tri. Aliibeba kutoka karakana siku ilipofungwa na kuificha miaka yote hii. Nilimwambia, "Babu, hiyo si ndiyo iliyokuumiza?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa mbona unaitumia?"

"Kwa sababu inasafisha. Hizi za dukani zinaipaka kabureta manukato tu, uchafu unabaki palepale." Halafu akaniangalia akacheka. "Mimi nimeshaharibika, Maren. Nitaharibika mara ngapi? Wewe kaa hapo mlangoni, upepo unatoka kwako unakuja kwangu."

Nilipaswa kumwambia mama siku ileile, lakini nilijua mama angefunga gereji, na babu bila gereji sijui angekuwa nini, kwa hiyo nikafanya ninachokijua, nikasoma. Nilisoma wiki mbili nzima na kila mtu alisifu chake, mmoja anasema siki, mwingine maji ya limau, mwingine dawa ya kusafishia oveni, mwingine petroli tu inatosha, na mwishowe nikachagua sabuni ya maji ya kusafishia vyuma vya injini, isiyo na mvuke mbaya, na kwenye chupa wameandika haidhuru alumini. Babu alipokwenda kwa daktari wa meno na mama, nikaimimina tri yote iliyobaki kwenye chupa mbili tupu za sharubati ya maua, nikaosha dumu na kulijaza ile sabuni. Rangi yake ni kama maji tu, na pua ya babu haisikii tena harufu yoyote, hilo nalo lilichukuliwa na tri, kwa hiyo nilijua hatatambua. Chupa zile ziko chumbani kwangu nyuma ya kamusi, na siku hizi naamka kichwa kikiniuma ila nadhani ni kwa kuwaza.

Hakutambua kwamba dawa imebadilishwa, Mama Ragnhild, na afadhali angetambua. Jumamosi ya kwanza alichovya vidole, akavitoa, akavipuliza, akangoja. "Zamani ilikuwa inaning'ata kwa baridi ikikauka," akasema. "Leo haing'ati. Wala haikauki." Akajaribu tena, na tena. "Maren, gusa wewe. Unasikia baridi?"

Nikasema nasikia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka aamini kwamba dawa ni ileile.

"Basi ni vidole vyangu," akasema. "Vidole navyo vimeanza kufa."

Na sabuni haikusafisha vizuri. Ile petroli iliyokauka ndani ya kabureta kuukuu inageuka kama gundi ya kahawia na kuziba vijitundu vidogo kuliko sindano, na sabuni yangu iliondoa mafuta ya nje ikaiacha gundi. Kwenye chupa wameandika itumike ikiwa ya moto, nyuzi sitini, lakini ningeipashaje bila babu kuuliza, wakati tri haipashwi moto kamwe na gereji yetu wakati wa baridi ina nyuzi nne? Alisugua kabureta moja Jumamosi tatu. Macho yake hayaoni vizuri ndani ya vijitundu, mimi ndiye ninayemwangalizia, na alipouliza kama ni safi nikasema ni safi, kwa sababu nilitaka apumzike.

Kabureta ile ilikuwa ya jirani yetu Verner. Verner na babu hawajawahi kuambiana neno jema tangu mimi nizaliwe, Verner akija husema, "Folmer, jina langu ukilisahau sawa, lakini skrubu zangu usizisahau," na babu humjibu, "Jina lako halina kazi yoyote, skrubu angalau zinashika kitu." Basi trekta ya Verner ikazimika njiani siku mbili tu baada ya kuifunga kabureta ile. Akaja kwetu, akanywa kahawa akiwa amesimama, babu akamuuliza, "Haya, sema, nimeisafisha kwa maziwa?" na Verner akaangalia kofia yake mkononi akasema, "Si kitu, Folmer. Sote tumezeeka." Kisha akaipeleka kabureta kwa fundi mwingine mjini.

Jioni babu alisukuma sahani yake pembeni. Akasema, "Verner amenionea huruma."

Siku iliyofuata, mama akipaka ini la kusaga kwenye mkate mweusi, babu akamwambia, "Dorte, ile karatasi ya makao iko wapi?"

Mama akashtuka. "Si ulisema hutaki hata kuisikia?"

"Nilisema hivyo nikiwa bado fundi."

Mama alilia, lakini baadaye jikoni aliniambia, "Afadhali amekubali mwenyewe, Maren. Mimi nisingeweza kumlazimisha." Na mama amechoka kweli, babu ameacha jiko likiwaka mara mbili mwaka huu, na ndiyo maana sijui la kufanya, kwa sababu labda makao ni sawa, labda wote watapumzika, na nikisema ukweli nitaharibu kitu ambacho kimeshaamuliwa, na babu atarudia tri yake na safari hii nitakuwa nimeijua na kuiachia, na nisiposema ataondoka kwenye nyumba hii akiamini vidole vyake vimekufa. Jana alinipa bisibisi zake zote. Alizifunga kwenye kitambaa akasema mimi nitajua matumizi yake.

Nifanye nini? Na tafadhali nijibu na hili: ni dawa gani inayosafisha kabureta ya zamani kwelikweli na haimwui mtu?

Maren

*

Maren,

Jibu hili nimelituma kwenye anwani yako siku ileile barua yako ilipofika. Wasomaji wengine watalisoma Alhamisi yako ikiwa imeshapita.

Tuanze na zile chupa. Zitoke chumbani kwako leo. Msichana mwenye kusoma kama wewe ameweka sumu kwenye chupa za sharubati, mtu yeyote mwenye kiu angeweza kuinywa, kisha analala nayo hatua mbili kutoka kichwani na kudhani kichwa kinamuuma kwa mawazo. Usizifungue. Usizimwage kwenye sinki wala mtaroni, maji tunayokunywa wote yako chini ya ardhi hiyohiyo. Ziandike kilichomo kwa herufi kubwa, ziweke nje mahali pa kufungwa kwa ufunguo, fungua dirisha lako, na mama yako azipeleke kituo cha taka za hatari. Ndiyo, mama yako, na hiyo maana yake ni kwamba atajua leo. Umwambie pia kuhusu hicho kichwa, ili daktari akuangalie.

Sasa kukuhusu wewe. Kumwondolea babu yako tri ilikuwa haki, na kama ungeniuliza mwezi wa kumi na moja ningekwambia uiondoe kabla hujamaliza kusoma jibu langu. Sikulaumu kwa hilo hata kidogo. Ninakulaumu kwa siku alipokwambia uguse dawa akakuuliza kama unasikia baridi. Mtu ambaye ubongo wake unamdanganya kila siku alikuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye anayekuamini, na ukamdanganya. Vidole vyake vilikuwa vizima. Vilimwambia kweli kabisa: hii siyo dawa yangu. Wewe ndiye uliyemfanya asiviamini.

Najua unachokiogopa. Marehemu mume wangu alikuwa mpaka rangi na aliugua ugonjwa huohuo. Nilikuwa nasubiri atoke nje, kisha napaka upya dirisha alilokosea, nikajiona mke mwema. Siku moja alirudi kuchukua kofia akanikuta na brashi. Hakugomba. Hakushika brashi tena maisha yake yote, na mimi sikupata nafasi ya kurekebisha jambo hilo. Wewe unayo, hadi Alhamisi.

Swali lako la dawa nimelipeleka kwa mwalimu wa ufundi wa injini, na anasema hukuchagua vibaya. Dawa ya oveni ingeila alumini na zinki na kuifanya nyeusi. Siki na limau hupunguza ule ukungu mweupe wa kutu, zikikaa dakika chache tu, lakini gundi ya petroli haziigusi. Petroli inawaka, na mvuke wake babu yako hauhitaji. Sabuni yako ni sahihi, ila nyuzi sitini wameandika kwa sababu. Gundi ile hailainiki kwenye sabuni baridi, hata isuguliwe na fundi kijana wa miaka ishirini. Na hukuweza kuipasha kwa sababu ulikuwa unaficha. Kwa hiyo usiseme sabuni imeshindwa, wala babu ameshindwa. Siri yako ndiyo iliyoifanya isisafishe.

Fanyeni hivi. Toeni kwanza vipande vya mpira, gasketi na lile boya dogo la ndani. Pasheni sabuni, na kama mnaweza kupata ile mashine ndogo yenye bakuli linalotetemesha maji, aina ambayo wauza miwani hutumia, tumbukizeni kabureta humo kwa robo saa, igeuzeni, robo saa tena. Isuuzeni kwa maji safi ya moto na kuikausha papo hapo kwa upepo wa pampu, mkiwa mmevaa miwani ya kujikinga. Kijitundu kikiwa bado kimeziba, tumieni uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe si chuma. Glavu kwa wote wawili. Dawa za kopo zenye mvuke mkali babu asizisogelee tena, hata mlango ukiwa wazi, na hilo mwambie hivyohivyo, kwa mdomo wako.

Usimwambie jikoni mbele ya watu. Mpeleke gereji, weka chupa ya sabuni mezani na maandishi yake yakimtazama, umwambie, "Babu, nilibadilisha mwezi wa kumi na moja. Vidole vyako vilikuwa sahihi, mimi nilisema uongo." Atakasirika. Huenda asikuongeleshe siku kadhaa, na wewe ambaye una saa chache tu za kuongea kwa wiki utaumia sana. Vumilia, usimkimbilie na maelezo. Akitaka kujua kwa nini, mwambie hukutaka afe. Kwa kuwa ni msahaulifu, mwandikie pia kwenye lile daftari la skrubu, kwa tarehe, ili akisahau alisome kwa mwandiko wako. Halafu wewe mwenyewe, si mama yako, uende kwa Verner umweleze trekta yake ilizimika kwa nini.

Kuhusu makao, mama yako ana haki ya kuchoka, na jiko lililoachwa likiwaka si jambo dogo. Inawezekana babu yako akajua kila kitu na bado akaamua kuhama, kwa ajili ya jiko, kwa ajili ya mama yako, kwa ajili ya usiku mrefu. Huo utakuwa uamuzi wake, nawe utamsaidia kufunga mizigo. Lakini mtu wa manispaa anaweza kuja wiki nyingine, mama yako apige simu moja tu. Folmer asisaini karatasi ile akidhani vidole vyake vimekufa.

Ragnhild