Nta ya Njano Chini ya Boneti

Hamtramck, Michigan
Jumamosi, mwisho wa Agosti

Dada yangu Halina,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini joto la huko Arizona halijakumaliza na lile goti linapata nafuu. Mimi mzima. Baba ndiye hayuko sawa, na hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike.

Unajua Kaz, kitindamimba wetu, amenunua gari. Jina lilelile, mistari myeusi ileile, umbo lilelile la gari la Baba la mwaka sitini na tisa, ambalo nimelitunza miaka thelathini kwa mikono yangu hii. Jipya kabisa! Nilimwambia hicho ni kinyago. Yale ya zamani yalitengenezwa ili kijana wa kiwandani, kwa mshahara wake mwenyewe, amwache tajiri kwenye taa anakula vumbi. Hili lake wanalinunua madaktari wa meno, na mngurumo wenyewe unatoka kwenye spika. Kaz akacheka, akasema angalau la kwake linawaka bila kubembelezwa, langu mpaka lisomewe rozari. Majirani wakaangua kicheko. Nilimchukia siku ile.

Siku ya msafara wa magari ya zamani kwenye barabara ya Woodward tulipanga viti kando ya barabara kama kawaida. Baba, badala ya kupanda langu, akaomba kupanda la Kaz. Taa ikawa kijani, wakachomoka, nikamsikia mzee akipiga kelele za furaha ambazo sijazisikia tangu Mama afariki. Aliporudi nilimwuliza kama kweli gari la namna hiyo ndilo walilolitengeneza wao kiwandani enzi zake. Nilitaka aniunge mkono. Akasema wao walitengeneza gari la kumfanya mnyonge ajione bingwa dakika moja, na leo bingwa alikuwa yeye. Halina, niliona wivu.

Kaz naye akamwomba atie alama yake. Unaikumbuka: kila gari alilolifungia injini, Baba aliandika Z.W., herufi za jina lake, ndani ya boneti kwa kalamu ya nta ya njano, msimamizi asione. Ninalojua limebaki na alama ile ni moja tu, langu. Akaiandika kwenye la Kaz. Ilimchukua dakika nzima, na watu wakampigia makofi.

Kesho yake Kaz akafungua boneti kumwonyesha padri. Hakuna kitu! Baba akatazama, akatazama tena, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi aliota tu. Kaz akaapa kwamba iliandikwa, labda waosha magari wameifuta. Baba akadhani anafarijiwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nikaangalia viatu vyangu. Tangu hapo Baba haendi jikoni peke yake, eti atasahau jiko linawaka. Juzi amemkabidhi Kaz leseni yake ya udereva, akamwambia akili imeanza kumtoka.

Akili haijamtoka, Dada. Ni mimi. Jioni ileile ya msafara, walipokuwa wanakula soseji, nilichukua kitambaa na petroli kidogo, nikafuta. Sikutaka alama yangu iwe na pacha. Kitambaa ninacho, kina njano mpaka leo.

Kesho baada ya misa nitakiweka mezani mbele ya Baba, Kaz akiwepo. Barua hii naitumbukiza posta leo, ili kesho nisipate pa kurudi nyuma. Wakinifukuza, tafadhali usinikatie simu.

Nisalimie shemeji na watoto, na goti lisikuzuie kuja kumwona Baba.

Ndugu yako,
Edmund