Kamba ya Baba

Jumatano, 5 Machi

Leo tumeweka maboya ya mashindano ya kuogelea ya Jumamosi. Yaani mpima njia ndiye aliyeweka — mimi nilikaa tu kwenye boti nikimshikia kofia. Kidude chake cha setilaiti kinalia, anadondosha nanga, basi, kilomita mbili hizo. Raha gani hapo!

Enzi za baba ilikuwa kazi ya familia. Kamba ya katani tunaitandaza barabarani jua likiwaka, mimi nimeshika ncha ya huku, mdogo wangu anakimbia na ya kule, baba anatufokea tuivute isilegee. Madereva wanapiga honi, baba hana habari nao. Kisha tunaikunja, tunaingia nayo ziwani kupanga maboya. Nimemkumbuka sana.

Nikamsimulia mpima yote hayo. Akacheka, akauliza kama tuliilowesha kwanza kabla ya kuipima. Nikamwambia wapi, baba aliianika ikauke vizuri! Akaacha kucheka. Halafu akasema taratibu kwamba katani ikilowa hufupika.

Alhamisi, 6 Machi

Usingizi wa mang'amung'amu. Kwa hiyo njia ya baba ilikuwa fupi. Miaka yote. Na rekodi ya mdogo wangu, ambayo hakuna aliyeigusa tangu tukiwa wasichana, ni ya njia hiyo hiyo.

Mpima ameshaikuta nanga ya zege ya boya la mwisho la baba chini ya maji, akapima. Pungufu ya mita tisini hivi. Mimi ndiye mwamuzi mkuu wa kumalizia na rekodi ziko chini yangu, kwa hiyo ananiachia niseme mwenyewe kabla ya Jumamosi kuisha. Afadhali angekuwa mkorofi.

Jioni nikapita kwa mdogo wangu nimwambie. Anashona sare za shule. Picha ya siku ile iko juu ya cherehani, meno yote nje, baba kamshika bega. Akaniwahi yeye. Kajishonea gauni la Jumamosi! Bega lake bovu halimruhusu hata kuanika nguo, lakini anataka kukaa karibu kabisa na ubao wa kumalizia. Nikanywa chai, nikaaga.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hemani.

Msichana mwenye kofia ya njano kaongoza tangu boya la kwanza. Kagusa ubao, nikabonyeza saa. Saa zote tatu zimekubaliana: ameikosa rekodi kwa sekunde nne. Nne! Kwa njia ya baba angekuwa amefika zamani, anakunywa maji.

Mdogo wangu kachungulia saa yangu kabla sijaificha. Kacheka mpaka machozi. Sijamwona hivyo tangu tumzike baba. Halafu kamwona msichana analia pale kwenye ngazi, akaenda kumfunika taulo kwa ule mkono mmoja unaonyanyuka.

"Pole, mwanangu," nilimsikia akimwambia. "Njia ni ile ile. Mwakani utaniweza."

Mpima yuko mlangoni mwa hema, ananingoja. Mtangazaji ameuliza muda mara mbili. Sasa mdogo wangu mwenyewe kaingiza kichwa, gauni limelowa kifuani, kamshika msichana mkono.

"Dada, unakawia nini? Soma muda wake. Halafu soma na wangu, asikie."