Mama Mchungaji Aliniombea Safari

Jumatatu, 3 Februari
Zamu ya asubuhi, kisha shuleni kumchukua Neema. Elias karudi, kala, kaenda kulala. Ndoa imekwisha, tunagawana sebule tu. Dada yangu Rose ametupatia mimi na Neema nyumba Glasgow, karibu na kwake. Nataka kuhama na mtoto kabla sijafungua kesi ya talaka. Wakili kanionya: ongea na baba yake kwanza. Nimwambie Elias? Thubutu.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani Peckham, hapa London, kikundi cha kina mama. Kila mtu hutaja hitaji lake aombewe. Nikasema nina safari. Ningeishia hapo. Mama mchungaji akanivuta pembeni, safari gani? Nikamweleza yote, mjinga mimi.

Jumatano, 12 Februari
Mama mchungaji kaniombea kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. "Baba, mtangulie mama Neema na mtoto wake huko Glasgow, uwape makao mapya." Amina zikamiminika. Wifi yangu, dada yake Elias, yumo kundini. Kasikiliza. Hakuandika amina.

Ijumaa, 14 Februari
Elias kaosha vyombo. Kamsomea Neema kitabu. Kaniuliza kama nimechoka. Miaka mingi hajaniuliza hivyo. Naogopa.

Jumatatu, 17 Februari
Shule zimefungwa wiki hii. Elias kataka Neema akalale kwa shangazi yake siku mbili. Nikikataa, atajua nina wasiwasi. Nimekubali. Mtoto katoka anarukaruka.

Jumatano, 19 Februari
Simu ya Elias imezimwa. Wifi hafungui mlango, na taa inawaka ndani. Nimerudi mbio kwenye droo ya pasipoti. Imebaki yangu tu.

Polisi wamekuja, wameandika, wameondoka.

Alhamisi, 20 Februari
Nilitaka kumhamisha mtoto bila kumwambia baba yake. Kaniwahi. Namchukia.

Jumapili, 23 Februari
Sikwenda kanisani. Mchana, simu ya video kutoka Mwanza, kwa wazazi wake Elias. Neema kavaa gauni jipya. "Mummy, it's so hot here. When are you coming?" Nikasema karibuni. Wakili anasema kesi itachukua muda mrefu.

Kisha mama mkwe akachukua simu, akakaa vizuri, akangoja. Matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shule tumeshampatia."