Gari la Shangazi Yako Limepanda

Mjukuu wangu,

Miezi minane hujatia mguu hapa mlimani, na kisingizio chako ni gari, eti mpaka ulinyanyue bodi lisikwaruze mawe ya njiani, na ulitie matairi makubwa. Anayeniandikia ni fundi cherehani, na nimemkataza kupunguza ukali.

Jumanne shangazi yako alipanda na gari lake kama lilivyotoka kiwandani. Kwenye mawe alipunguza upepo wa matairi, akaweka gia namba moja, magurudumu yote manne yakivuta. Mimi nilitangulia kwa miguu nikimwonyesha pa kukanyaga. Tairi moja likaning'inia hewani.

"Mama, nikanyage mafuta?"

"Taratibu. Unakimbizwa na nani?"

Alikuja kumpeleka babu yako hospitali. Mzee amekataa katakata. "Nikishuka, huyo mtoto akija atakuta mlango umefungwa." Shangazi yako akaenda kulia nyuma ya gari, nami nikajifanya napepeta mchele.

Njoo Jumamosi. Gari likikushinda, liache kwenye mawe, kisha upande mlima kwa miguu. Usinisalimie kwanza. Ingia chumbani, kaa upande wake wa kulia, maana sikio la kushoto limekufa, umwambie umekuja kumchukua.

Bibi yako, ambaye bado ana fimbo