Mama Mkwe Amesusa Benchi Letu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni nesi, na miaka yote nimekuwa nikihudumu chumba cha wenye virusi vya Ukimwi, sasa wakubwa wameamua sukari, presha na virusi vitibiwe chumba kimoja, tukafundishwa yote, nami nikafurahi maana kuna wagonjwa wenye yote matatu na tulikuwa tunawazungusha mlango hadi mlango kama watu waliokosa adabu, lakini wenye sukari wakagoma kukaa benchi moja na "wale", mkuu wa kituo akatundika pazia kuwatenga, nikalishusha mbele yake na kumwambia akilirudisha nitalishusha tena, kumbe balaa linanisubiri nyumbani, kwa sababu kinara wa mgomo ni mama mkwe wangu.

Mama amesusa kliniki. Anasema majirani wakimwona pale watasema ameukwaa uzeeni. Sasa ana kidonda mguuni, anakificha kwa soksi joto lote hili, na mume wangu ananiambia, "Si umletee tu dawa hapa, wewe si nesi? Au umeolewa na benchi?" Nimekataa katakata. Nikimpitisha mama mlango wa nyuma, nitamtazamaje yule dada mshonaji anayekuja kuchukua dawa zake za virusi na kukaa pale kichwa juu? Mume hasemi nami, mkuu ananitishia uhamisho. Nilirudishe pazia? Msamaha siombi, nakwambia kabisa.

Nesi Mbishi

*

Nesi Mbishi,

Pazia lisirudi. Mkuu akitaja uhamisho, mwambie akuandikie sababu, tuone kama mkono wake utathubutu kuandika kwamba umewakalisha wagonjwa pamoja kama mlivyofundishwa. Hapo niko nawe bega kwa bega.

Ila sasa nikugombeze. Unajua vizuri kidonda cha mguu kinavyomwendea mtu mwenye sukari, halafu unalala nacho nyumba moja ukishindana na mume? Mama wa watu akatwe mguu ndiyo ajue benchi lako ni zuri? Ubishi wako kazini naupenda, huo wa nyumbani ni kiburi. Leo ukifika, piga magoti, mvue hiyo soksi, kisafishe. Huko si kumpitisha mlango wa nyuma, ni kumtunza mama. Mumeo naye aache kununa, atafute usafiri.

Kesho mpeleke kliniki, na usiende kama nesi. Omba ruhusa, acha sare nyumbani, mkae wote benchini mkisubiri zamu, wewe ukae kati yake na yule dada. Upimwe na presha hapohapo, maana kwa barua hii naihofia. Jirani akichungulia akauliza, "Kwani nyie mnaumwa nini?" usikimbilie kusema ni sukari ili mjiponye na aibu. Mwambie tunaumwa, tumekuja kutibiwa, na kama nawe unaumwa, sogea ukae.