Siku Uliponiambia Nichague Ziwa

Mpendwa Mama Mdogo,

Tangu nilipopata habari kwamba umetutoka, sijakaa nikatulia. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta cha kushika. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimehamisha kabati kutoka ukuta huu hadi ule, kisha nikalirudisha lilipokuwa. Mume wangu ameniangalia mpaka amechoka. "Rehema," akaniambia leo asubuhi, "kama kulia kumekushinda, basi hata andika." Ndiyo naandika.

Hii tabia ya kuhamisha vyombo nimeitoa kwako. Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi safari? Anaingia sebuleni akijua kochi liko karibu na mlango, goti linagonga meza. "Zuhura, safari hii nyumba umeipeleka wapi?" anauliza huku anajisugua, nawe unacheka mpaka unaegemea ukuta. Nilidhani ni utani wenu tu. Imenichukua miaka kuelewa kwamba ulikuwa unahamisha vyombo kila moyo wako ulipokosa mahali pa kukaa.

Uliingia nyumbani kwetu Tunduma nikiwa na miaka minane. Mama aliyenizaa alikuwa amefariki huko Korogwe, na Baba, dereva wa malori, alikuwa amenileta mpakani kwa sababu ndiko kulikokuwa na mizigo ya Zambia na Kongo. Akakuoa wewe, binti wa Kindali kutoka Ibaba, milimani Ileje. Ulisilimu, ukapewa jina la Zuhura, lakini ukiwa peke yako jikoni uliimba nyimbo za kanisani kwenu kwa sauti ya chini, na nikiingia unazigeuza kuwa mluzi. Hukuwahi kupata mtoto. Watu walinifundisha nikuite Mama Mdogo, na hivyo ndivyo nilivyokuita miaka yote.

Sasa nataka tuikumbuke ile safari, maana sidhani kama tuliwahi kuizungumza vizuri.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nimemaliza mtihani wa darasa la saba, nasubiri matokeo, sina kazi. Tunduma ilikuwa vumbi tupu. Foleni ya malori ilianzia mpakani ikapita mbele ya kibanda chako cha vitenge, injini zikinguruma kutwa, na vitenge vya juu vilishabadilika rangi kwa vumbi. Baba alikuwa amepeleka saruji Lubumbashi, akawa hajarudi wakati wenzake aliotoka nao walishapita. Alhamisi hiyo ulifunga kibanda jua likiwa bado utosini. Ukaja nyumbani, ukasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Jiandae," ulisema. "Kesho tunakwenda kupanda boti."

"Boti gani?"

"Yoyote. Kabla mvua hazijaanza."

Nikacheka. Wewe ulizaliwa milimani, hata kuvuka kijito juu ya gogo ulikuwa unanishika bega. Lakini wewe hukucheka. Uliingia chumbani, ukafunga mlango, nikasikia unapakia.

Asubuhi tulifika stendi na lile begi kubwa la kahawia ambalo Baba alilinunulia Ndola. Nilikuuliza kwa nini begi lote hilo kwa siku mbili tatu. Ukasema, "Ziwani kuna baridi." Kisha ukageuka, ukaniambia jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia: "Chagua. Sisi huku tuna maziwa matatu. Unataka lipi?"

Mama aliyekuwa akituuzia chai akadakia. "La karibu ni Rukwa, lakini barabara ya Chitete hiyo, mtafika viuno vimekatika. Halafu mna habari ya mamba?"

"Rukwa hapana," ulisema haraka. "Mimi nilikuwa nafikiria Tanganyika. Tupande la Sumbawanga, tushuke Kasanga. Kule kuna meli, siyo mitumbwi."

Ningejibu sawa, yote yangekwisha hapo. Lakini darasani nilikuwa nimekaa mwaka mzima na msichana wa Kyela aliyenichosha kwa habari za kwao, mchele wa kwao, mchanga wa kwao, boti za kwao. Nilitaka siku moja na mimi niweze kumwambia, nimefika. Nikasema, "Nyasa."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Nyasa."

Kondakta wa basi la Sumbawanga alishalinyanyua begi, liko mlangoni. Wewe ulisimama katikati, upande huu gari la Sumbawanga, upande huu la Mbeya, na ukaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo jingine kabisa. Nikadhani umenikasirikia.

"Shusha mzigo, kaka," ulimwambia kondakta.

"Ah, dada! Si umesema unakwenda?"

"Mtoto amechagua."

Siku nzima tukawa barabarani. Mbeya, Tukuyu na migomba yake, Kyela na joto lake, halafu nyuma ya pikapu iliyobeba magunia ya mchele mpaka Matema. Kila gari liliposimama ulishuka, ukazunguka, ukapanda tena. Tulipofika, jua lilikuwa linaelekea kuzama na ziwa liko mbele yetu, milima imeshuka mpaka majini kama ng'ombe walioinama kunywa. Nikakimbia mpaka maji yakanifika magotini. Wewe ulibaki mchangani, umeshika kandambili zako mkononi.

Kwenye nyumba ya wageni nilifungua begi nitafute kanga ya kuogea. Ndipo nilipoziona. Nguo zako zote zilikuwamo. Zangu zote pia, mpaka gauni la Idi, mpaka sweta la shule ambayo nilikuwa nimeshaimaliza. Nikarudishia zipu. Sikukuuliza. Nilikula samaki wa jioni ile bila kujua ladha yake.

Kesho yake ukakodi boti yenye injini ndogo itupeleke Ikombe, kijiji cha wanawake wanaofinyanga vyungu. Mwenye boti alikuwa bwana mmoja mwenye kipara, mcheshi, aliyekuita "mama" na mimi "mama mdogo," tukacheka wote watatu. Uliketi katikati kabisa, umeshika ubao kwa mikono miwili, macho umefumba. Tulipofika mbali na ufuko injini ikakohoa, ikazima.

"Poleni, akina mama. Hii plagi tu, naisafisha," alisema yule bwana, akainama huko nyuma na spana yake.

Kukawa kimya. Sijui kama uliwahi kukisikia kimya cha namna ile tangu uhamie mpakani. Boti ikawa inayumba taratibu. Ukafumbua macho. Nami nikaona nisipouliza sasa, sitauliza tena.

"Mama Mdogo, mbona umebeba nguo zangu zote?"

Hukushtuka. "Umeziona lini?"

"Jana. Hata sweta la shule lipo."

"Kigoma jioni huwa na upepo," ulisema, na papo hapo ukajua umejisema.

"Kigoma?"

Ukaangalia maji. Ulizungumza polepole, lafudhi yenu ya Ileje ikawa nzito kuliko siku zote. Dada yako alikuwa ameolewa Kigoma. Meli ya Kasanga ingetufikisha mpaka kwake. Ulitaka tupande, tusirudi.

"Baba anajua?"

"Baba yako ana mtoto kule Zambia, Kapiri Mposhi, Rehema. Wa kike. Ameshaanza kutembea."

"Nani kasema?"

"Dereva mwenzake. Alikuja kununua kitenge, akanipa pole. Alidhani najua."

Nakumbuka nilitazama mikono yangu. Nakumbuka pia nilichokiwaza kwanza hakikuwa Baba wala huyo mtoto. Niliwaza kwamba basi la Sumbawanga lilikuwa limeshafunguliwa mlango.

"Ungeenda wapi na mtoto wa mtu?" nilikuuliza. "Wangekukamata."

"Nilijua."

"Kwa hiyo ungeniacha Kasanga?"

Hapo ndipo ulipokasirika, mara ya kwanza na ya mwisho kwangu. "Ningekuachaje? Begi limejaa nguo za nani?"

Yule bwana wa boti akajifanya hasikii, akazidi kuinama juu ya injini yake. Nikaanza kulia, nawe ukalia, na ukawa bado umeshika ule ubao, umeogopa kuuachia hata ujifute. Nikakufuta mimi kwa ncha ya mtandio wangu.

"Mimi sitaki tutoroke," nilisema. "Nataka Baba aniambie kwa mdomo wake."

"Na akishakuambia?"

"Kama ni kuondoka, tuondoke tukiwa tumemuaga."

"Una miaka kumi na minne," ulisema, "nani kakufundisha maneno haya?" Injini ikawaka kwa kishindo, tukaruka wote, na bwana mwenye kipara akapiga makofi. Tukafika Ikombe. Uliteremka ukiwa umelowa mpaka kiunoni, ukanunua chungu kikubwa ambacho hakuna aliyejua tutakibebaje.

Baba alirudi tukiwa nyumbani. Ulimpikia, ukamnawisha mikono, ukaketi. Hukunitoa nje. Alipomaliza tonge la pili ukamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto wako wa Kapiri anaitwa nani?"

Baba aliweka tonge chini. Aliniangalia mimi, siyo wewe. "Anaitwa Mwanaidi," alisema. "Jina la mama yangu." Kisha akanawa, na hakula tena siku ile.

Aliomba radhi kwa namna zote alizozijua. Akaleta wazee, akaleta kitanda kipya, akakaa nyumbani mwezi mzima bila safari. Wewe ulimpa jibu moja tu, nililisikia: "Rehema akichaguliwa sekondari nitabaki mpaka amalize. Baada ya hapo usiniulize kitu." Nilichaguliwa. Ukabaki. Uliamka alfajiri kunichemshia uji, uliuza vitenge kwenye vumbi lile lile, ulihamisha kochi na meza na kitanda kipya, wiki hadi wiki. Hukumtolea Baba neno baya mbele yangu.

Nilipomaliza kidato cha nne ulipakia begi lile lile, safari hii nguo za mtu mmoja. Baba ndiye aliyelibeba mpaka stendi. Alitembea mbele yetu akiwa ameliweka begani kama kuli, watu wanamsalimia, haitikii. Akalipakia mwenyewe kwenye basi la Sumbawanga, akasimama chini ya dirisha lako.

"Zuhura, nisamehe."

"Nilishakusamehe siku nyingi, bwana," ulimwambia. "Kuishi ndiko kulikonishinda."

Mimi ukanishika uso kwa mikono yote miwili, ukaniambia nisome. Gari likaondoka. Baba alibaki pale stendi mpaka vumbi likatua, na tangu siku hiyo hakuna aliyegusa meza ya sebuleni mpaka alipofariki.

Tulionana tena harusini kwangu, ukacheza mpaka viatu vikakukatikia. Tulikuwa tunapigiana simu. Uliniambia Kigoma unaogelea, sikuamini.

Linalonikosesha utulivu, Mama Mdogo, ni hili. Najiuliza kama pale stendi nilikuokoa au nilikufunga. Miaka ile minne ulinipa mimi, na ulikuwa bado kijana, ungeweza kuanza upya ukiwa na nguvu. Nilitaka kukuuliza kila tulipozungumza, nikawa naishia kukuuliza bei ya dagaa. Nikifika hapo ndipo ninapoinuka tena kutafuta kabati la kusukuma.

Dada yako ndiye aliyenipigia. Alisema umeugua siku chache tu, wamekuzika, na kwamba walihangaika kuipata namba yangu kwa sababu msibani watu walikuwa wanauliza, "Rehema mwenyewe yuko wapi?"

"Wananijuaje?" nilimuuliza.

"Wasikujueje? Huku hakuna anayemjua Zuhura. Siku aliyofika alisema yeye ni Mama Rehema. Sokoni ni Mama Rehema, msikitini ni Mama Rehema. Hata kibandani kwake pameandikwa."

Nikamwambia simsikii vizuri, arudie. Akarudia. Nikamwambia mtandao unakatika, arudie tena. Mtandao haukuwa unakatika.

Pumzika, mama yangu. Kiangazi kinaisha na mimi nakuja huko, nikawaitikie hao wanaoniuliza.

Mwanao,
Rehema