Kitanda Chetu Chekundu

Baba Zaina,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mungu azidi kukurehemu. Sisi tu wazima hapa Nosy Be. Ofisi ya bandari ina bendera mpya siku hizi. Ungekuwepo ungesimama kuitazama hadi chai yako ipoe. Lakini ninakuandikia kwa habari ya kitanda.

Zaina anaolewa Mahajanga. Atakaa huko mtaa wa Tanambao, kwenye nyumba ya marehemu mama yangu, na kitanda kinarudi naye, kama mama alivyonipa mimi nilipoolewa. Tatizo ni kwamba hakukitaka. Alisema atachekwa, anataka cha dukani. Niliumia sana, maana niliona kitanda cha mama kinaishia kwangu. Ila sikumlaumu. Aliyekiharibu ni wewe, mume wangu.

Wiki ya harusi yetu ulikuja na kopo la rangi nyekundu, mabaki ya kazi yako ya matishari kule Antsahampano, ukajisifu kwamba rangi inayovumilia maji ya chumvi itatuzika sote. Kumbe rangi ya chini ya tishari hutoka kila ikiguswa. Siku saba uliijaribu kwa kidole, na siku saba ulisema, "Kesho itakauka." Miaka yote tukafua mashuka mekundu, na wewe ukaenda msikitini na shingo nyekundu, ukidai ni hina.

Juzi nilianza kuikwangua peke yangu. Zaina alikuja kunicheka, akaishia kushika msasa. Tulisugua hadi mbao zikawa nyeupe, tukapaka rangi ya maziwa matendegu yote na mbavu zake. Tulipogeuza ubao wa kichwani, upande uliokuwa ukutani miaka yote, tukaviona vidole vyako. Alama saba kwenye ule wekundu, zimepangana. Nikainua msasa, Zaina akanishika mkono.

"Hapa tusiguse, mama," alisema. "Hapa ni pa baba."

Nililia, nikacheka, nikaenda kupika. Tangu siku hiyo halitaji tena duka.

Kitanda kinapanda meli wiki ijayo. Nakuahidi kwamba kila nikienda Tanambao kumwona mwanao, nitapitisha mkono nyuma ya ubao ule na kukusalimu. Kwaheri, baba Zaina. Pumzika. Asubuhi hii nimeigusa rangi yetu mpya kwa kidole, kama ulivyokuwa ukifanya.

Imekauka.

Mkeo